Kutafuta nanomita moja ndani ya enkoda ndogo ya leza

Mhimili wa mashine, yaani meza inayosukumwa na mota kwenye mstari mmoja, ulikuwa unatembea maikromita 50 kwa sekunde. Kwa mwendo huo jicho halioni kitu. Dakika nzima inapita na meza imesogea milimita 3 tu. Mimi nilikuwa natazama mchoro wa umeme unaoingia kwenye mota, nikitegemea mstari ulionyooka. Haukunyooka. Ulipanda na kushuka mara kumi kila sekunde, kwa mpangilio ambao kelele ya kawaida haina.

Nikapandisha kasi hadi maikromita 100 kwa sekunde. Mapigo yakawa ishirini. Nikashusha hadi 25, yakawa matano. Hapo nikajua tatizo haliko kwenye bolti iliyolegea wala fremu inayotetemeka. Chuma kikitikisika kina masafa yake, na hakijali meza inakwenda upesi au polepole. Mapigo yanayofuata kasi yamefungwa kwenye umbali, na hesabu yake ni nyepesi: maikromita 50 ukigawa kwa kumi unapata pigo moja kila maikromita 5. Ndani ya mashine ile hakukuwa na jino, skrubu wala mpira wa beringi unaojirudia kila maikromita 5. Kitu pekee kilichokuwa na mpangilio mdogo namna hiyo ni enkoda, kifaa chenyewe kinachoiambia mashine iko wapi. Kilikuwa kinaidanganya kidogo, mashine nayo inaamini, inajisahihisha kwa kosa lisilokuwepo.

Enkoda ile tulikuwa tunaiunda wenyewe, na kwenye karatasi yake tulikuwa tumeandika resolusheni ya nanomita 1. Maandishi yalikuwa kweli. Resolusheni ni hatua ndogo kabisa ambayo kifaa kinaweza kuitamka, na chetu kilitamka hatua za nanomita moja bila shida. Kwamba hatua hizo zilikuwa mahali pake, hilo ni jambo jingine, na ndilo lililonichukua miezi mingi.

Nieleze kwanza kifaa kinavyofanya kazi. Kichwa cha kusomea hakizidi ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mna leza moja ya aina ya VCSEL, ile inayotoa mwanga kupitia usoni pa chipu badala ya ubavuni. Wazo lake alilitoa Kenichi Iga huko Japani mwaka 1977. Leza yetu hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 850, usioonekana kwa macho. Mwanga huo unapiga ukanda wa chuma uliochorwa mistari, mmoja kila maikromita 20, halafu unarudi juu ukiwa umegawanyika: mwale mmoja umenyooka, mwingine umepinda kulia kwa nyuzi 2.4, mwingine kushoto kwa nyuzi hizohizo, na mingine iliyo hafifu zaidi inapinda mbali zaidi.

Tunayoitaka ni ile ya kulia na kushoto. Ukanda ukisogea, fezi ya mmoja, yaani mahali wimbi lake lilipofika katika mzunguko wake, inakwenda mbele na ya mwenzake inarudi nyuma kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ukanda ukipita mstari mmoja mzima tofauti kati yao inazunguka mara mbili. Mstari wa maikromita 20 unakupa mawimbi mawili, kila moja la maikromita 10. Halafu, kwa kuwa miale yote miwili inasafiri njia zenye urefu sawa, rangi ya leza inajifuta kwenye hesabu. Leza ikipata joto na urefu wake wa wimbi ukahama kidogo, kipimo hakihami nao, maana rula ni mistari ya ukanda. Naupenda sana uzuri huu. Ndio unaoruhusu chipu ya leza isiyodhibitiwa joto kufanya kazi ya nanomita.

Pale miale miwili inapokutana juu ya safu ya fotodaiodi, vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, panatokea mistari ya mwanga na giza inayotembea. Fotodaiodi zimepangwa kama vidole vinavyopishana, zinatoa ishara mbili, sini na kosini, na kutoka hapo pembe inapatikana kwa tanjenti kinyume. Zunguko moja la pembe ni maikromita 10 za mwendo.

Kishawishi kinaanzia hapa. Chukua kigeuzi cha dijitali cha biti 14, ligawe zunguko mara 16,384, na umepata nanomita 0.6. Chipu moja, mchana mmoja wa kazi, na tarakimu inapendeza kwenye karatasi. Lakini kugawanya hakuongezi habari yoyote ambayo haikuwemo ndani ya wimbi. Wimbi likija limepinda, unachopata ni vipande vidogo vya upotofu.

Uzito wa upotofu wenyewe unakokotoleka, na nashauri kila anayeunda kifaa hiki aukokotoe kwa mkono mara moja ili usimtoke kichwani. Wimbi la maikromita 10 ukiligawa kwa pai mbili unapata nanomita 1,591 kwa kila radiani. Kitovu cha ishara moja kikihama kwa 1% ya kimo cha wimbi, kosa linafika nanomita 16 na kujirudia mara moja kila wimbi. Sini ikiizidi kosini kimo kwa 1%, kosa ni nanomita 8, mara mbili kila wimbi. Zikiachana kwa nyuzi 89 badala ya 90, kosa ni nanomita 14, nalo pia mara mbili kila wimbi. Kasoro ya kiwango cha asilimia moja, ambayo fundi wa redio asingejisumbua nayo, inameza nanomita moja mara kumi na zaidi.

Mhimili wangu ulikuwa unapita mawimbi matano kwa sekunde na kupiga mara kumi. Mara mbili kila wimbi. Basi kosa lilikuwa la kimo au la fezi.

Niliunganisha sini na kosini kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara za umeme kwenye skrini, moja ikisukuma nukta kwa upana na nyingine kwa urefu. Enkoda nzuri inachora duara. Yangu ilichora duaradufu iliyolala kwa mshazari, na mshazari ni dalili ya fezi. Nikapima: nyuzi 88 na nukta. Jambo la pili lililonishtua ni udogo wake. Kabla ya kupita kwenye amplifaya, ishara ilikuwa chini ya sehemu moja ya tano ya ile tuliyoikokotoa. Mapema katika mradi mtu alikuwa ameiona dhaifu akaongeza nguvu ya amplifaya, kazi ikaendelea. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki kwa siku ile, ila kuanzia hapo hakuna aliyeuliza mwanga umekwenda wapi.

Ilibidi nirudi kwenye jiometria. Kichwa chetu hakina lenzi. Mwanga wa leza unatanuka kama wa tochi. Katika mpangilio huo kuna ukweli mmoja wa ajabu: leza na fotodaiodi zikiwa kwenye kimo kimoja, mistari ya mwanga inayorudi inakuzwa mara mbili kamili, hata pengo kati ya kichwa na ukanda liwe kiasi gani. Mistari ambayo ingekuwa ya maikromita 10 inakuwa ya 20, na inabaki 20 ukikisogeza kichwa juu au chini. Vidole vya fotodaiodi vilikuwa vimechorwa kwa kutegemea hilo, vidole vinne vya maikromita 5 kwa kila mstari.

Sasa mnyanyue leza milimita 0.1 juu ya uso wa fotodaiodi. Kwa pengo la milimita 2.4, ukuzaji unazidi kwa 2.2%. Kwa mstari mmoja si kitu. Lakini safu yetu ilikuwa inasoma mistari 40 kwa pamoja, na ukijumlisha 2.2% mara arobaini, mwanzo wa safu na mwisho wake vinaachana kwa karibu wimbi zima. Upande mmoja unasema mwanga, mwingine unasema giza, jumla inakaribia sifuri. Iliyobaki ni 15% hivi. Na kila kidole, badala ya kusimama robo ya wimbi kutoka kwa jirani yake, kinasimama nyuzi 88.1.

Nilichukua hadubini nikapima urefu wa chipu ya leza kutoka usoni pa fotodaiodi. Maikromita 100, pungufu kidogo. Zilikuwa zimegandishwa kwenye bodi moja, na chipu moja ni nene kuliko nyingine. Kosa zima, mshazari wa duaradufu pamoja na udhaifu wa ishara, lilikuwa ni unene wa chipu. Tukachimba kijishimo kwenye bodi, leza ikashuka, nyuso zikalingana. Ishara ilipanda kiasi kwamba amplifaya ilijaa na ikabidi tuirudishe chini. Yale mapigo kumi yakatoweka.

Yakabaki mengine, ambayo siku zote yalikuwa yamejificha chini ya yale makubwa. Mara ishirini kwa sekunde, yaani mara nne kila wimbi. Kosa la namna hiyo lina mzazi mmoja anayejulikana: wimbi la tatu, lenye masafa mara tatu ya wimbi kuu, likiwa limechanganyika ndani ya ishara. Kwetu lilitoka kwenye miale ya mbali. Ukanda wenye mistari ya aina yetu unapeleka karibu 40% ya mwanga kwa kila mwale wa kwanza, kulia na kushoto, na 4.5% kwa kila mwale wa tatu. Miale hiyo ya tatu nayo inakutana na kuchora mistari yake, myembamba mara tatu, juu ya mistari yetu.

Dawa yake iko kwenye umbo la kidole, na tangu nijifunze sijaacha kuistaajabia. Kidole chenye upana wa theluthi ya mstari kinafunika wimbi moja kamili la lile la tatu. Nusu ya mwanga wake iko juu, nusu chini, jumla yake sifuri. Kidole kinakuwa kipofu kwa wimbi la tatu bila hesabu wala programu. Vidole vyetu vya robo vilikuwa vinalipunguza tu hadi theluthi. Tukachora safu upya kwa vidole vitatu vilivyoachana nyuzi 120 badala ya vinne vya nyuzi 90. Na mpangilio wa vitatu una bahati nyingine: 120 mara tatu ni 360, kwa hiyo wimbi la tatu linaonekana sawasawa kwenye vidole vyote, na ukitoa kimoja kwa kingine linafutika hata kama upana wa kidole haukutoka barabara kiwandani.

Mapigo ishirini yakaisha, yakaja kumi na tano. Mara tatu kila wimbi. Vidole vinne vilikuwa na faida ambayo hatukuwa tumeiona thamani yake: cha kwanza na cha tatu viko kinyume, ukivitoa unafuta wimbi la pili. Vitatu haviwezi hilo. Mwishowe tuliweka safu mbili za tatu-tatu, ya pili ikiwa imesogezwa nusu ya mstari, tukazitoa moja kwa nyingine. Chipu ikawa kubwa zaidi, nyaya zikaongezeka, na sijuti hata kidogo.

Baada ya hapo kwenye osiloskopu palikuwa na duara zuri. Nililitazama kwa muda mrefu kabla sijagundua kwamba yalikuwa mawili. Nukta ilikuwa inazunguka mara moja, na mzunguko uliofuata unapita pembeni kidogo, halafu inarudi kwenye njia ya kwanza. Kila mzunguko wa pili ulifanana na wa kabla ya jirani yake. Kwa mhimili wetu hilo ni pigo la mara 2.5 kwa sekunde, yaani kila maikromita 20, mstari mzima wa ukanda.

Hapo mkosaji ni mwale ulionyooka, ule wa katikati. Unatakiwa usiwepo. Mifereji ya ukanda ikiwa na kina cha robo ya urefu wa wimbi, nanomita 212 na nusu kwa leza yetu, mwanga unaorudi kutoka chini ya mfereji na ule unaorudi kutoka juu yake unauana, na mwale wa katikati unatoweka. Kina kikikosewa kwa 5%, kama nanomita 10 na nukta, mwale huo unarudi na 0.6% ya mwanga. Utasema 0.6% si kitu. Lakini mawimbi yanapokutana hayazidishwi kwa nguvu zao, yanazidishwa kwa vimo vyao, na kimo cha mwale huo dhaifu ni 12% ya kimo cha miale yetu. Ukikutana na ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, mistari yake inaweza kufika robo ya ukubwa wa mistari tunayoitaka, ikipanda na kushuka kadiri pengo linavyobadilika, kwa namna ileile ambayo Henry Fox Talbot aliiona mwaka 1836 alipotazama mistari kwa lenzi na kuikuta inajichora upya hewani.

Kilichotuokoa siku zote ni wingi wa vidole. Mistari ya mwale wa katikati ina urefu mara mbili, kwa hiyo kidole kimoja kinaiona juu na kinachofuata kinaiona chini, jumla inafutika. Inafutika kabisa endapo mwanga umesambaa sawasawa na ukanda ni safi. Alama ya kidole cha mtu ikifunika sehemu ya safu, au mwanga ukiwa mkali katikati kuliko pembeni, ufutaji unavuja. Tulibadilisha ukanda kwa ule wenye kina kilichodhibitiwa vizuri zaidi, na maduara mawili yakalaliana.

Ni baada ya haya yote ndipo programu ya kusahihisha ilipopata maana. Peter Heydemann alionyesha mwaka 1981 jinsi ya kutoshea duaradufu kwenye ishara za sini na kosini na kuirudisha kuwa duara, na karibu kila enkoda ya kisasa inafanya jambo la jamii hiyo. Ni kazi nzuri. Lakini inajua kitovu, kimo na fezi tu. Wimbi la tatu au mwale wa katikati haiwezi kuugusa. Pia inahitaji mhimili upite walau wimbi moja kamili ili ione umbo lote. Mashine iliyosimama palepale kwa saa nzima, ikishikilia nafasi huku kichwa kikipata joto taratibu, haiipi programu kitu cha kujifunzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na programu ndiyo ukuta.

Kuhusu kelele nitasema kwa ufupi, maana ilinisumbua kidogo kuliko nilivyoogopa. Mwanga wenyewe una kelele kwa sababu unakuja kwa chembe: kwa mkondo wa maikroampea 10 na upana wa masafa wa kilohezi 100, kelele hiyo ni nanoampea 0.57, ambayo kwa wimbi la maikromita 10 ni nanomita 0.09. Asili imetuachia nafasi ya kutosha. Kupungua na kuongezeka kwa nguvu ya leza nako hakuumizi sana, kwa kuwa kunabadilisha nusu kipenyo cha duara na kuiacha pembe ilivyo, mradi kitovu kiko mahali pake. Kinachoumiza kweli ni mwanga unaorudi ndani ya leza. VCSEL ikipokea mwanga wake mwenyewe kutoka kwenye ukanda inayumba, na inayumba kwa kufuata pengo. Kuinamisha kichwa nyuzi chache kunasaidia kuliko kichujio chochote nilichowahi kuunda.

Wengi wanauliza kwa nini tusitumie mistari myembamba zaidi. Inawezekana, na ndiyo njia ya kweli ya kusonga mbele: kwa mistari ya maikromita 4, wimbi linakuwa la maikromita 2 na kila kosa nililolitaja linagawanyika kwa tano. Gharama yake iko kwenye jiometria. Miale inapinda nyuzi 12.3, kwa hiyo kwenye pengo la milimita 2.4 inaachana kabla haijakutana juu ya fotodaiodi, na itakubidi ukisogeze kichwa karibu au uongeze vioo. Kwa mita 1 kwa sekunde, ishara ya kilohezi 100 inakuwa ya 500. Na fundi anayekifunga kichwa anahitaji mkono mtulivu zaidi.

Na hata kichwa kikiwa kamili, ukanda wa chuma wenye urefu wa milimita 100 unarefuka maikromita 1.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Meza ikiinama sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja, kitu kilicho milimita 10 juu ya ukanda kinahama nanomita 48 bila enkoda kujua, jambo ambalo Ernst Abbe alilionya tangu 1890. Ndiyo maana nanomita zetu nazihesabu kwa mwendo mfupi na muda mfupi tu.

Wiki iliyopita niliurudisha mhimili kwenye maikromita 50 kwa sekunde. Mara kumi hakuna, ishirini hakuna, kumi na tano hakuna, mbili na nusu hakuna. Pembeni kulikuwa na mtetemo mwembamba ambao sikuwahi kuuona. Nikapandisha kasi hadi 100, ukabaki palepale. Nikashusha hadi 25, palepale. Nikazima feni ya kompyuta iliyokuwa imewekwa juu ya meza ileile, na mstari ukanyooka.